Kiraka

Nyuma ya ghala la zamani la korosho, Masasi,
pale ukuta ulipoanguka na haukuinuliwa,
tuna tangi la chuma lililolala ubavu
kama kiboko wa Ruvuma. Linakula matairi.

Ya bodaboda tunayavaa mkononi kama bangili.
Ya malori hubingirishwa na watu wawili
na wa tatu wa kutukana.
Kwanza tunayapindua, maji ya masika yamwagike,
viluwiluwi vya mbu vifurukute mchangani.
Somoe, ambaye mwanawe alilazwa Ndanda kwa homa,
huvikanyaga kimoja kimoja.
Hatumharakishi.

Kisha mlango, nati ishirini na nne,
udongo wa kichuguu kuziba mianya.
Hewa isiingie: ndilo somo zima.
Mpira ukipata hewa unawaka,
unatoa ule moshi mweusi unaolala juu ya kamba za nguo
na kuingia kwenye maziwa ya watoto.
Ukinyimwa hewa, unaungua bila kuwaka.
Unalegea. Unasahau kuwa ulikuwa duara.
Nimewahi kuona watu wakiungua hivyo, misibani,
wanagawa chai, wanahesabu vikombe.

Moto wa kuanzia ni maganda ya korosho.
Mtu wa huku anaujua ukali wake:
mafuta yaleyale yalimbabua mama viganja
hata alama za vidole zikafutika,
akaenda kujiandikisha, mashine ikasema
hakuna mtu.

Adhuhuri bomba linakohoa, gesi inakuja.
Tunairudisha chini ya tumbo la tangi,
tangi linajipika kwa pumzi yake lenyewe.
Mafuta yanadondoka pipani, tone, tone,
yananuka gereji iliyofungwa wiki nzima
na fundi yumo ndani.
Likwata wa tanuri la chokaa huyanunua kwa dumu.
Masizi tunayatia magunia. Nyaya zinatoka zimejikunja,
nywele za kikongwe asiye na wa kumsuka.

Bibi alisema babu yake alilipa kodi kwa mpira,
wa msituni, aliougema na kuuzungusha kijitini
ukawa donge, akatembea nao siku tisa mpaka Lindi.
Ukapanda meli.
Sasa umerudi, una nambari ubavuni
na majina ya miji nisiyoweza kuyatamka,
umechakaa,
na wa kuuchemsha bado ni sisi.

Jumatano lilikuja tairi la nyuma la lori.
Nililipindua, maji yakatoka, nikaona ndani
kiraka cha pembe nne, kona zimekatwa kwa mkasi wa nguo,
na katikati, kwa msumari wa moto,
herufi N iliyogeuzwa.

Baba hakusoma. Jina lake, Nandule,
alilianza kama alivyoliona kwenye kioo cha lori.
Miaka thelathini na moja njia panda ya Newala:
pampu ya mguu, beseni la maji,
shingo ameinamisha, anatafuta
povu linachomoza wapi.
Ana miaka minne kaburini.
Kiraka kilikuwa kimeshika.

"Kikate," Somoe alisema, "ukiweke."
Nikachukua kisu, nikajaribu kona moja.
Hakikubanduka. Nikavuta kwa nguvu,
kisha nikaona haya,
kama mtu anayemvua marehemu kiatu.

Likaingia na mengine.

Kesho yake tulifungua. Nilipekua masizi kwa mikono,
mpaka viwiko, nikitafuta kitu
nilichojua hakiwezi kuwamo.
Mafuta yalikuwa mafuta. Rangi ileile.
Likwata alikuja, akalipa, akalalamikia bei.

Somoe aliandika daftarini: matairi thelathini na nane,
madumu kumi na moja.
Nikamwomba kalamu. Pembeni nikaandika N,
nikaifuta, nikaandika tena.
Mkono umeshajua kusoma.
Unakataa kuigeuza.